Kilichoingia Bagamoyo Kilitiwa Tui

Ikitajwa Bagamoyo, watu hukumbuka pembe za ndovu, utumwa, wamisionari waliofika mwaka 1868 na Wajerumani walioufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Chungu hakitajwi. Lakini mambo mengi yaliyoupitia mji huu yangali chunguni mpaka leo, na yote yameungwa kwa nazi.

Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa chakula kikubwa cha watu wa huko kilikuwa ndizi na samaki. Muhogo haukuwapo pwani hii. Mahindi, viazi vitamu, nyanya na pilipili havikuwapo pia. Asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza kupita huku mwaka 1498. Leo hii kuna nyumba gani kati ya Kaole na Saadani inayofuturu Ramadhani nzima bila muhogo wa nazi?

Ugeni wa muhogo ulimalizwa na tui. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, chicha ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, huwekwa kando. Muhogo huchemshwa kwa tui la pili na la tatu, pamoja na kitunguu na chumvi, hadi ulainike na kuanza kupasuka. Hapo ndipo tui zito humiminwa, na mpishi hakai tena: anakoroga taratibu, bila kuacha, mpaka lichemke na kuiva. Akiondoka kidogo tu tui linakatika, mafuta yanajitenga na maji, na chungu kizima kimeharibika. Kisamvu kina kazi zaidi, maana majani ya muhogo yana sumu, hivyo hutwangwa kinuni na kuchemshwa muda mrefu kabla ya kuonja nazi.

Karne ya 19 ilileta walaji wa kila namna. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kwa maelfu na misafara ya pembe. Waarabu wa Oman walikuja na bokoboko, ngano iliyopondwa pamoja na nyama. Wahindi, jamaa za kina Sewa Haji Paroo, tajiri aliyegharimia misafara ya bara, walikuwa na chapati, sambusa, achari na bizari zao. Misheni nayo ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani, watu waliotoka makabila mengi ya bara. Jikoni walikutana. Chapati ikapata maharage ya nazi, tambi zikatiwa tui na hiliki, na kunde zilizolimwa na Wakwere na Wazaramo zikaungwa vivyo hivyo. Wali wenyewe, wa mpunga wa bonde la Ruvu, ulipikwa kwa tui, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko mpaka ukatoa ukoko.

Mambo kama haya yametokea kwingine. Kule Louisiana, Marekani, wazawa wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadia kuanzia mwaka 1755 walijenga mapishi yao kwenye vinamasi, kwa wali, kamba, na bamia iliyotoka Afrika. Wao wameyaandika, na dunia nzima inayajua.

Sisi tunapoandika, tunakimbilia pilau na biriani, vyakula vya harusi na vya wageni. Naona tunakosea. Uti wa mapishi ya Mrima, yaani pwani yetu hii, ni vyakula vya siku zote: muhogo, kunde, mchicha, ng'onda, na mchuzi wa papa mkavu uliokolezwa kwa ukwaju au embe bichi. Hivyo ndivyo vilivyobaki baada ya reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 kuua misafara, na matajiri wa Bagamoyo kuhama.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alitupa hazina kubwa: maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Lakini mapishi ya kila ukoo yalibaki vinywani na mikononi mwa wanawake, kwa kibaba, kwa konzi, kwa kuonja. Sasa tui linauzwa kwenye kopo na nazi inasagwa kwa blenda. Hilo si baya. Kinachopotea ni ule ujuzi wa kukaa na chungu, kujua tui limeiva lini na ndimu itiwe wakati gani.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji uliye na bibi au shangazi hai Bagamoyo, Mlingotini au Saadani: kaa naye jikoni Ramadhani hii, na daftari mkononi. Andika vipimo kama anavyovitaja yeye, na jina la aliyemfundisha. Kisha nakala moja uipeleke shule au maktaba iliyo karibu nawe.