Mtunzi wa nyimbo, jua haki yako kabla hujaingia studio

Juzi kijana mmoja wa Lizaboni kaniuliza: "Kaka, nimetunga wimbo, prodyuza kanirekodia bure, sasa anasema wimbo ni wake. Ni kweli?" Nikaona bora nijibu hapa, maana wenye swali hili ni wengi.

Si kweli, ila jibu lina pande mbili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ukishatunga wimbo hakimiliki ni yako palepale, uwe umeusajili au hujausajili (wazo tupu la kichwani halihesabiki). Inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo hata wanao watakula humo. Lakini rekodi ni kitu kingine. Aliyesimamia na kugharamia kurekodi ana haki yake juu ya ile sauti iliyorekodiwa, na aliyetengeneza biti ana haki kwenye biti yake. Mashairi na melodi uliyotunga vinabaki vyako mpaka uvitoe kwa maandishi na sahihi. Ndio maana nasema karatasi kwanza, maiki baadaye! Andikeni nani katunga nini na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Ukurasa mmoja unatosha.

Sasa utaniuliza, kama haki ni yangu bila kusajili, COSOTA ya nini? Ya ushahidi, ndugu yangu. Chukua wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Kenya na jina lake likasambaa nao, Miriam Makeba akaupeleka duniani, lakini Mtanzania Adam Salim naye alidai mtunzi ni yeye. Ubishi upo mpaka leo.

Halafu kuna hili ambalo sisi wa huku tunalisahau. Ukichukua kipande cha lizombe au mganda ukakitia kwenye wimbo wa kuuza, usijiandike mtunzi wa kipande hicho. Ngoma ni ya jamii, na sheria hiyohiyo inataka kibali cha BASATA ukiitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Beti ulizoongeza mwenyewe ni zako.

Yule kijana nimemwambia atafute lile daftari aliloandikia mashairi na meseji alizomtumia prodyuza kabla ya kurekodi, kisha wakae chini waandikiane. Daftari analo bado, bahati yake. Meseji kashazifuta.