Kilichofichwa Chini ya Bikoni

Kwetu Bariadi, mchunga ng'ombe yeyote anaijua bikoni: nguzo fupi ya zege juu ya kilima, au kijiwe chenye chuma katikati, pembeni ya shamba. Utotoni tuliikalia na kuinolea visu. Wazee walituambia tuache, na sababu yao ilitutoa macho: "Hapo chini kuna mali ya Mjerumani."

Uvumi huo haukutoka hewani. Mwaka 1916, vita ilipowabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli kule Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, ambako si mbali sana na Meatu yetu. Zilitoka zaidi ya sarafu 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora na Mjerumani akakimbia. Basi watu wakapiga hesabu: anayekimbia na dhahabu lazima ana mahali aliichimbia. Tangu hapo kila jiwe lenye alama likawa ramani ya hazina, na wapo wanaochimba mpaka leo.

Tatizo ni kwamba nguzo nyingi wanazochimba Mjerumani hakuzijua. Uti wa mgongo wa vipimo vyetu ni mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Wazo lilikuwa la David Gill, mwanaastronomia wa Cape, mwaka 1879. Kipande cha Tanganyika, upande wa magharibi, kilipimwa miaka ya 1931 hadi 1933 chini ya Mwingereza Martin Hotine. Pengo la mwisho, Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Vitabu vya upimaji vinawataja wakubwa hawa; wapagazi waliobeba saruji na vyombo hadi vileleni havina habari nao. Ukikuta ramani ya zamani imeandikwa "Arc 1960", jina limetokana na mnyororo huo.

Na cha kuchekesha, wazee hawakukosea kabisa. Chini ya nguzo kubwa za namna hiyo mara nyingi kweli kuna kitu kimefichwa: alama ya pili, kipande cha chuma ndani ya zege. Kimewekwa ili nguzo ya juu ikivunjwa, mpimaji aweze kuipata tena nukta ileile. Kwa mpimaji, hiyo ndiyo hazina. Kwa aliyechimba usiku kucha, ni chuma chakavu.

Sasa amekuja mchimbaji mwingine, huyu ana simu. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga makusudi GPS ya raia. Tarehe 3 mwezi huohuo Dave Ulmer akaficha ndoo kule Oregon na kutangaza namba za mahali ilipo. Ndivyo mchezo wa jiokashi ulivyoanza. Wachezaji wengi wanapenda alama za wapimaji, na wengine huficha kopo karibu nazo ili mtafutaji azione.

Rafiki yangu mmoja alitaka tufanye hivyo nje ya mji. Alinakili namba kutoka ramani ya zamani, akaziingiza kwenye simu, tukajikuta katikati ya pamba ya watu. Ramani za Arc 1960 na GPS hupishana kama mita 300 huku kwetu. Tulicheka. Lakini tulipoiona bikoni yenyewe, pembeni kulikuwa na shimo jipya lenye udongo uliomwagwa. Kopo likarudi kwenye begi.

Sheria za jiokashi zinakataza kufukia kopo ardhini. Sawa, ila aliyechimba lile shimo hajazisoma. Akiona wageni wawili wameinama kwenye bikoni, wakatoa kitu na kukirudisha, ameshapata ushahidi aliousubiri maisha yake yote. Kesho anakuja na sururu.

Na bikoni ikiondoka, anayeumia si Mjerumani. Usukumani mipaka ilishikwa na minyaa, na ngitili ilijulikana kwa mti fulani, kijito fulani, na mzee aliyekumbuka. Minyaa inakatwa, wazee wanaondoka. Ndugu wakigombea shamba, au kijiji kikibishana na hifadhi mpaka unapita wapi, shahidi aliyebaki ni kile kijiwe.

Mwishowe kopo tuliliweka mbali, kwa mama muuza chai, kwa ruhusa yake. Kulipata kunahitaji namba iliyoandikwa juu ya bikoni: unapanda, unaisoma, unashuka bila kugusa udongo. Watoto wanaochunga pale walituuliza chini kuna nini. Tuliwaambia ukweli: chuma kidogo, kinacholinda mashamba ya baba zao. Mmoja akauliza kama kinauzika.