Je, utarudi nyumbani?

Ukienda kuomba viza ya mwanafunzi katika ubalozi wa Marekani, uwe Gigiri au Msasani, utaulizwa mambo mengi, lakini yote yanazunguka maswali mawili. Nani atalipa? Na ukimaliza, utarudi? Hili la pili ndilo linalowatoa watu jasho. Mtu anaweza kuonyesha barua ya chuo na taarifa ya benki, ila moyo wake wa kurudi atauonyesha kwa karatasi gani?

Swali hilo lina umri. Linatoka katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, ambayo mpaka leo, pamoja na viraka vyake vyote, ndiyo msingi wa kazi ya dirishani. Sheria inasema mwanafunzi awe na makao katika nchi ya kigeni ambayo hana nia ya kuyaacha. Zaidi ya hapo, inamtaka afisa adhani kwamba kila mwombaji anakwenda kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe amthibitishie vinginevyo. Yaani unaingia pale ukiwa tayari umeshukiwa.

Vijana wa kwanza wa Kenya kukutana na sheria hii kwa wingi ni wale wa mwisho wa miaka ya hamsini. Hebu tuangalie hali yao. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere, iliyotoa shahada za London, na Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilichokuwa kimefunguliwa 1956 tu. Dar es Salaam ilikuwa bado. Ukifaulu mtihani wa Cambridge na ukakosa nafasi Makerere, basi, kazi ya ukarani inakungoja. Kwenda Uingereza hakukuhitaji viza, maana Mkenya alikuwa mtu wa Malkia, lakini nafasi na misaada ya huko ilipitia mikononi mwa serikali ileile ya kikoloni. Marekani ilikuwa na vyuo vingi, na vingine, hasa vile vidogo vya makanisa na vya watu weusi, vilikuwa tayari kumpa Mwafrika nafasi. Shida ilikuwa kufika.

Kufika kulitaka mambo manne, na kila moja lilisubiri jingine. Barua ya kukubaliwa chuoni. Fedha, au mtu wa kuzidhamini. Pasipoti. Kisha viza. Hiyo pasipoti haikuwa haki ya mtu. Serikali ya koloni ilitoa ilipopenda, na kumbuka kwamba Hali ya Hatari haikuondolewa mpaka Januari 1960. Kwa Mkikuyu ambaye hata kutembea wilaya nyingine kulihitaji kibali, kuomba kitabu cha kuvukia bahari hakukuwa jambo dogo.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho naona wanaosimulia habari hizi hukipita haraka. Mmarekani aliuliza, "Utarudi?" akiogopa jibu litakuwa hapana. Mwingereza wa Nairobi aliogopa jibu litakuwa ndiyo.

Alikuwa na sababu. Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, aliondoka 1927 kwenda Hampton, Virginia, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi 1938 hakwenda kutafuta kazi serikalini akashukuru. Mwaka uliofuata alianzisha chuo cha walimu Githunguri, kilichokuja kuwa moyo wa shule huru za Wakikuyu, na baadaye Jomo Kenyatta mwenyewe akakiongoza. Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952, chuo kilifungwa. Mwanafunzi mmoja tu aliyerudi, na yote hayo! Sasa fikiria mia. Hadharani maafisa walilalamika kwamba shahada za Marekani ni dhaifu na kwamba vijana watakwama huko bila fedha. La pili halikuwa uongo mtupu, maana vyuo vingi vilisamehe karo tu, chakula na nguo ukajitafutie. Lakini huruma ya ghafla ya mkoloni kwa tumbo la mwanafunzi ina ladha yake.

Tom Mboya aliielewa hesabu hii. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, na alizunguka Marekani 1956 na tena 1959. Akishirikiana na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wote waliosoma Marekani, alikusanya nafasi vyuoni. Huko New York rafiki yake William Scheinman alisaidia kuunda mfuko wa wanafunzi wa Afrika, na barua ya kuomba michango ikatiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Nyumbani watu walichanga katika karamu za chai na dansi, wakauza mifugo. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Tukirudi kwenye yale maswali mawili, unaona walivyoyajibu. Nani atalipa? Kijiji, pamoja na mcheza besiboli na waimbaji na waigizaji wa nchi nyingine. Utarudi? Aliyechangiwa na kata nzima angekwenda wapi? Deni lile halikuandikwa kwenye fomu yoyote ya ubalozi, na nadhani lilikuwa zito kuliko dhamana ya benki.

Mwaka uliofuata mambo yakaingia siasa. Julai 1960 Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa Nixon nao ukahangaika serikali isionekane imelala. Kura za Wamarekani weusi zilikuwa zinatafutwa, na tiketi za vijana wa Kenya zikawa sehemu ya hiyo bei. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800.

Wapo waliojibu kwa kutokwenda dirishani kabisa. Oginga Odinga alipeleka vijana wake mashariki: Moscow, Berlin, Prague na kwingineko. Mkoloni asingewapa pasipoti kwa safari hiyo, kwa hiyo wengi walipenya Uganda, wakavuka Sudan mpaka Cairo, ambako ofisi ya Wakenya chini ya mwavuli wa Nasser iliwatafutia karatasi na nafasi. Safari ya wengine ilikuwa ya saa. Ya hawa ilikuwa ya wiki, na ukikamatwa njiani unarudishwa. Kenya iliyozaliwa 1963 ilirithi wasomi wa njia mbili, na ugomvi wa Mboya na Odinga ukapata askari wenye shahada.

Wengi walirudi. Wangari Maathai, aliyekwenda na kundi la 1960 akasoma Atchison, Kansas, alirudi 1966, na serikali za Nairobi zilikuja kumwona msumbufu kama mkoloni alivyomwona Koinange. Ila habari inayonikaa zaidi ni ya Barack Obama, baba yake yule rais. Hakupanda ile ndege ya 81. Alifika Hawaii mwaka uleule wa 1959 kwa msaada wa wanawake wawili Wamarekani aliofahamiana nao Nairobi. Faili lake la uhamiaji sasa linasomeka na umma. Mwaka hadi mwaka anaomba muda uongezwe, anaomba ruhusa ya kufanya kazi, na maafisa wanaandikiana kuhusu masomo yake na mambo ya ndoa zake. Mwaka 1964, akiwa Harvard na mitihani ya udaktari ameshapita, chuo kilimwambia fedha zimekwisha, akaandikie tasnifu kwao. Ombi lake la kuongezewa muda likakataliwa. Aliyetakiwa kuthibitisha kwamba atarudi alikuwa sasa anaomba abaki kidogo amalize.

Alirudi Nairobi Julai ile, bila shahada ya udaktari, na hakuipata tena. Mwaka mmoja baadaye, katika jarida la East Africa Journal, alichapisha makala ya kuichambua sera ya serikali ya ujamaa wa Kiafrika, akihoji kwa nini uchumi wa nchi huru umeachwa mikononi mwa wachache. Waraka aliokuwa anauchambua uliandaliwa katika wizara ya Tom Mboya.