Klabu ya Onduparaka na Heshima ya Arua

Klabu ya kandanda ya Onduparaka iliasisiwa mwaka 2011 huko Arua, takriban kilomita 500 kutoka Kampala. Mwaka 2016 vijana hao, waitwao Viwavi, walipanda Ligi Kuu ya Uganda. Ndipo timu kubwa za Kampala zilipolazimika kufunga safari hadi Uwanja wa Green Light. Na jina la West Nile, lililozoeleka kutajwa kwa vita na ukimbizi, likatajwa kwa mchezo. Mlugbara wa Arua na Mkakwa wa Koboko wakapata cha kujivunia pamoja. Mwaka 2023 klabu ilishuka daraja. Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Nasi twaongeza: aijuaye njia ya kupanda aweza kuirudia.