Fungua mlango: historia ya kibodi na kipanya kwenye gemu



Wiki mbili zilizopita tulibishana sana kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Abuku. Tuko na laptop nne zinazowaka, vipanya viwili (wengine mnasema mausi), na kibodi moja ambayo herufi E na N zimefutika kabisa, unabonyeza kwa kukumbuka tu. Ubishi ulikuwa huu: wadogo wanaoanza kompyuta, tuwaanzishe na gemu za kipanya au gemu za kibodi? Upande mmoja walisema kipanya, mtoto anaelewa siku ileile. Upande mwingine walisema kipanya kinalemaza, mtoto anacheza mwaka mzima na bado hawezi kuandika jina lake. Tulibishana mpaka betri ya sola ikaisha, tukarudi nyumbani na hasira zetu.

Basi tukaamua tuandike historia yake, kwa sababu ubishi huu si wetu peke yetu. Watengeneza gemu wenyewe wamekuwa nao miaka mingi.

Tunaongelea gemu za visa. Siyo mpira, siyo za risasi. Ni zile ambazo uko ndani ya hadithi, unaingia nyumba usiyoijua, unaokota ufunguo, unaongea na mzee mmoja barazani, unatafuta namna ya kutoka. Kitendawili kirefu, ndivyo tunavyowaelezea wadogo.

Ya kwanza kujulikana haikuwa na picha hata moja. Iliandikwa na Mmarekani mmoja, Will Crowther, kati ya mwaka 1975 na 1976. Huyu alikuwa mtu wa programu, lakini pia alipenda kuingia mapangoni na kuyapima, hasa Mammoth Cave kule Kentucky. Alikuwa ameachana na mke wake na alitaka kitu cha kucheza na binti zake. Akaandika pango kwa maneno: kompyuta inakwambia uko wapi na unaona nini, wewe unaandika unachotaka kufanya, kwa neno moja au mawili. Mwaka 1977 mwanafunzi wa Stanford, Don Woods, aliikuta akaiongezea vyumba na hazina. Inaitwa Colossal Cave Adventure. Ilikuwa ya kompyuta aina ya PDP-10, mashine za ukubwa wa makabati yaliyopangwa mstari, na wengi waliicheza majibu yakichapwa kwenye karatasi. Hapo kipanya ungekiweka wapi?

Lakini kipanya kilikuwepo tayari. Douglas Engelbart alikifikiria na Bill English akakiunda kwa mbao mwaka 1964. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Engelbart alikionyesha mbele ya watu wengi, na hapa kuna jambo lililotushangaza tuliposoma. Mkono wa kulia ulikuwa na kipanya, mkono wa kushoto ulikuwa na kifaa kidogo chenye vitufe vitano, na kibodi ya kawaida ilikuwa hapo katikati. Mwenye kukianzisha alitumia vyote kwa pamoja. Habari ya kuchagua kimoja ililetwa na watu waliokuja baadaye.

Hiyo Colossal Cave ni gemu ya bure na ni nyepesi, inafunguka hata kwenye laptop iliyochoka. Kwa hiyo upande wa kibodi waliileta ili watushinde. Alikaa mtoto mmoja aliyetoka upande wa Aru si muda mrefu, anajua Kiswahili, Lingala na Kifaransa kidogo cha shule. Tukamwambia: hapa unaiambia kompyuta unachotaka. Akatazama kibodi, akatafuta herufi moja moja kwa kidole, akaandika FUNGUA MLANGO. Kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba neno hilo haijui. Akaandika tena, akidhani amekosea herufi. Hakuwa amekosea. Akajaribu kwa Kifaransa, jibu ni lilelile.

Tulicheka kwanza. Halafu kukawa kimya, kwa sababu karibu kila mmoja pale ndani alishawahi kusimama mbele ya mlango wa namna hiyo. Una maneno, umeyasema vizuri, na anayekusikiliza hana lugha yako.

Sasa ukirudi kwenye historia unaelewa kwa nini kipanya kilipokelewa kwa furaha. Mwaka 1980 Roberta Williams na mume wake Ken walitoa Mystery House kwa kompyuta ya Apple II, wakaweka michoro ya mistari, lakini kuandika kulibaki palepale. Mwaka 1984 wakatoa King's Quest: mtu wako unamwona, unamtembeza kwa vitufe vya mishale, ila akifika kwenye jambo lazima uandike kwa Kiingereza afanye nini. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Apple walitoa Macintosh, ikija na kipanya chake cha kitufe kimoja. Kipanya kikaanza kuingia nyumbani kwa watu.

Mateso ya kuandika hayakuwa ya wageni tu. Hata wenye Kiingereza chao walichoka. Kitu unakiona kwenye skrini, ni kichaka, lakini gemu inataka neno lake yenyewe. Ukiandika mti inakataa, ukiandika majani inakataa. Ron Gilbert, aliyekuwa kampuni ya Lucasfilm, alikerwa na jambo hilo. Mwaka 1987 yeye na Gary Winnick walitoa Maniac Mansion, na chini ya skrini wakapanga orodha ya vitenzi: fungua, funga, chukua, sukuma, vuta na vingine. Unagusa kitenzi kwa alama, halafu unagusa kitu. Hakuna kubahatisha tena. Mwaka 1990 King's Quest V ikaacha kabisa mambo ya kuandika. Ikaweka alama za picha tu: mtu anayetembea, jicho, mkono, mdomo. Jicho ni kutazama, mkono ni kushika. Mtu wa Koboko na mtu wa Tokyo wote wanaelewa jicho. Halafu mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wakatoa Myst, ambayo kila kitu ni kubofya tu, na iliuzwa zaidi ya nakala milioni 6.

Yule mtoto tulimpa gemu ya kipanya siku iliyofuata. Alifungua mlango wa kwanza ndani ya dakika. Hakuuliza mtu.

Hadithi ingeishia hapo upande wa kipanya wangekuwa wameshinda, na kweli walitembea na vifua mbele siku mbili tatu. Lakini kuna dada mmoja kati yetu, ni hodari sana wa gemu hizi, hakuna asiyemjua. Mwaka jana ilikuja nafasi ya kuomba kusoma, fomu ni ya mtandaoni, na kulikuwa na sehemu ya kueleza maisha yako kwa maneno mia tatu. Maneno alikuwa nayo, tena mazuri, alituambia kwa mdomo tukasikiliza mpaka mwisho. Kuyaandika ndiyo ikawa kazi. Kidole kimoja, herufi moja, anafuta, anarudi. Chaji ikakata akiwa hajafika nusu. Alimaliza kesho yake kwa simu ya mtu, akiwa amefupisha karibu yote. Nafasi hakupata. Hatusemi ni kwa sababu ya kibodi, fomu zilikuwa nyingi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye ubishi akasema wadogo waanze na kibodi, na hakuna aliyethubutu kumjibu haraka.

Na watengeneza gemu nao walirudi nyuma, ingawa kwa sababu nyingine. Mwaka 1998 Tim Schafer na wenzake wa LucasArts, yaani kampuni ileile iliyokuwa bingwa wa kubofya, walitoa Grim Fandango, na kipanya wakakiondoa. Unamwendesha Manny, yule mtu wa hadithi, kwa vitufe: mbele, nyuma, geuka kushoto, geuka kulia, na ukipita karibu na kitu muhimu kichwa chake kinageuka kukitazama. Walitaka ujisikie umo ndani ya mwili wake, si kama mtu wa juu anayenyooshea vitu kidole. Wengi walisifu hadithi na wengi walilalamika kwamba Manny anajigonga ukutani kama mlevi. Gemu ilipotengenezwa upya mwaka 2015 wakarudisha kipanya, mchezaji achague mwenyewe. Miaka 17 kufika hapo! Sisi tulibishana jioni moja tu.

Kuna kitu kingine tulikigundua katika kuzungumza. Wengi wetu, mara ya kwanza kuona kibodi ilikuwa kwenye meza ya kuandikishwa. Unakaa upande huu, karani yuko upande ule, skrini inamtazama yeye. Unasema jina la baba yako, unasikia vitufe vinalia, na hujui kilichoandikwa mpaka karatasi itoke. Kuna watu hapa hadi leo wanaitwa majina ambayo mama zao hawayajui, na wameshazoea kuitika. Kwa hiyo kijana wa hapa akisema anataka kibodi, usidhani anataka gemu tu.

Lual Mayen naye amesimulia kitu cha namna hiyo. Ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Kompyuta ya kwanza aliiona mwaka 2007, wakimbizi wakiandikishwa. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia laptop, na kuichaji ilikuwa ni kutembea saa tatu. Akajifundisha programu, akatengeneza gemu inayoitwa Salaam. Unamkimbiza mtu aliyekimbia vita, anahitaji maji, chakula na dawa ili aendelee. Salaam ni ya simu, haina kipanya wala kibodi, ni kidole tu, kwa sababu simu ndicho kifaa ambacho watu walikuwa nacho. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye The Game Awards kule Los Angeles. Tunamtaja kwa sababu wengi wanafikiri gemu ni kitu cha kupokea tu, kama katoni zinazoshushwa kwenye lori.

Basi baada ya hapo mwenzetu mmoja aliyesoma Python kwenye kozi akasema: shida siyo kibodi, shida ni orodha ya maneno. Ile gemu ya pango ingekuwa na FUNGUA kwenye orodha yake, mtoto angeingia. Tukaanza kuandika ya kwetu, ndogo, vyumba sita tu, hadithi ya mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea siku ya soko.

Hapo ndipo tulijua kazi iliyopo. Kiingereza cha gemu za zamani ni rahisi kukikata: neno la kwanza ni tendo, la pili ni kitu. Kiswahili hakikubali. Mtu akishaona kisu haandiki CHUKUA KISU, anaandika KICHUKUE, na hapo kitu kimeshaingia ndani ya kitenzi. Mlango ni UFUNGUE, taa ni IWASHE, funguo ni ZICHUKUE. Tukaiambia programu ikate KI, I, ZI na U za mwanzo. Ikafanya kazi vizuri mpaka mtu mmoja akaandika ULIZA MZEE. Kompyuta ikakata U, ikajibu: sijui namna ya KULIZA mzee. Tulicheka mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani. Sasa inatafuta neno zima kwanza, ikikosa ndiyo inakata.

Halafu kuna maneno yenyewe. Waliosoma Kiswahili cha vitabu wanaandika CHUKUA, sisi wa kutoka Kongo tunaandika KAMATA. Wa Lingala wanataka ZWA na FUNGOLA. Tumeyaweka yote, maana kuongeza neno ni mstari mmoja tu. Tukaweka na vitufe vya mishale vya kutembea, na mwenye kipanya anaweza kubofya kitu akaona jina lake limeandikwa pale chini, tayari kwa kutumika. Yule dada ndiye anayeandika maelezo ya vyumba. Bado anatafuta E na N kwa kukumbuka, lakini chumba cha nne alikiandika kwa siku moja, na ndicho kizuri kuliko vyote. Mtoto wa Aru anajaribu kila kitu na kutuletea maneno ambayo kompyuta imekataa. Ana daftari limejaa.

Kinachokosekana ni Kikakwa na Kilugbara. Wenyeji wetu wa hapa wanakuja kucheza na hawana neno hata moja ndani ya gemu, na hiyo ni aibu kwetu. Mwenye maneno ya kufungua, kufunga, kuchukua, kwenda, kutazama na kuuliza, aje nayo Jumamosi kabla ya saa kumi, wakati sola bado ina nguvu. Na mwenye kibodi ya zamani yenye E na N, tafadhali asiitupe.