Makanga wa Bangalore

Mtu akijua niliacha chuo, lazima anitumie hadithi ya Rajinikanth. Mjomba wangu ameituma WhatsApp mara tatu sasa: makanga wa basi kule India aliyegeuka staa wa kuabudiwa, kwa hivyo kaza buti kijana. Mara ya mwisho iliingia nikiwa kwa mathree ya Kangemi, tumekwama Waiyaki Way. Makanga wetu alikuwa anabishania chenji na mzee kwa Kikuyu, anamtuliza mama mmoja kwa Kiluhya, kisha akamjibu askari wa trafiki kwa Kiswahili sanifu cha kusomea taarifa ya habari. Nikaona mjomba anaruka sehemu tamu ya hadithi.

Jina la kuzaliwa la jamaa ni Shivaji Rao Gaekwad. Alizaliwa Bangalore tarehe 12 Desemba 1950, baba akiwa konstebo wa polisi. Nyumbani waliongea Kimarathi, na ukitoka nje ya mlango ni Kikannada. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alibeba mizigo, akafanya useremala, mwishowe akaingia kwa mabasi ya jiji kukata tiketi.

Dere wa basi lake aliitwa Raj Bahadur. Huyu ndiye aliyemsukuma aende chuo cha filamu Madras, siku hizi Chennai, na akawa anamsaidia na pesa kutoka kwa mshahara wake mwenyewe. Mshahara wa dere, jameni. Mwaka 1973 makanga akaanza masomo katika mji ulio mbali na kwao kama kilomita 350, mji wa Kitamil. Mwongozaji K. Balachander akamwona, akamwambia jambo moja: jifunze Kitamil. Hata jina akambadilisha, maana sinema ya Kitamil ilikuwa tayari na gwiji aliyeitwa Sivaji Ganesan. Mwaka 1975 akatokea kwenye Apoorva Raagangal, sehemu ndogo tu, mwanamume anayesukuma geti na kuingia.

Baada ya hapo lugha zilifuatana kama steji. 1976 kulikuwa na filamu ya Kikannada na nyingine ya Kitelugu. 1983 aliingia Kihindi na Andha Kanoon, akiwa na Amitabh Bachchan. 1988 Kiingereza, 1995 Kibengali. Mwaka huohuo wa 1995 akaigiza Baashha, dereva mpole wa tuktuk mwenye siri nzito, na sidhani kama aliwahi kupendwa zaidi ya hapo.

Sisi tulimjua kupitia Enthiran ya 2010, ile ya roboti wanaojikunja kuwa mpira mkubwa na kumimina risasi. Wazazi wetu walikuwa na kumbi zao, kama Shan pale Ngara. Hata Odeon, ambayo kwetu ni steji tu ya kupandia gari, ilikuwa sinema. Mimi niliionea kwenye kibanda cha video Kangemi, mabati juu, benchi za mbao. Midomo ilikuwa inasema Kitamil, sauti ilikuwa ya Kihindi ya mtu mwingine kabisa, na juu ya yote kulikuwa na msimulizi wa Kiswahili, kwa ule mtindo DJ Afro aliufanya maarufu. Sauti yake halisi hatukuisikia kabisa. Lakini tulijua stering ni nani, na tulijua stering hafi.

Kuna kitu kibanda hakikutuonyesha. Jimbo alikozaliwa, Karnataka, na jimbo lililompa utajiri, Tamil Nadu, yamegombania maji ya mto Kaveri kwa miaka mingi. Kila mgogoro ukiwaka, watu wanamgeukia: wewe ni wa wapi hasa? Mwaka 2002 alifunga kula siku nzima kuidai Karnataka iachilie maji. Mwaka 2008 alitoa maneno makali juu ya maji tena, Karnataka wakatishia kuizuia filamu yake Kuselan, akaomba radhi. Sasa Watamil nao wakakasirika. Mei 2017, siasa ikinukia, aliwapigia hesabu hadharani: miaka 23 Karnataka, zaidi ya 40 Tamil Nadu, kwa hivyo mimi ni Mtamil. Wapinzani hawakukubali. Desemba 31 akatangaza anaingia siasa, na Desemba 2020 akajitoa akitaja afya.

Hiyo hesabu naijua. Huku kwetu unazaliwa Kangemi, unasoma Kangemi, Kiswahili ndiyo lugha unayotukania na kuotea, halafu ukitafuta nyumba landilodi anauliza, “Jina lako lingine ni nani?” Hajauliza jina. Anauliza shamba la babu yako liko wapi, na ulipiga kura vipi. Jamaa aliimudu lugha ya watu mpaka wakamwabudu, na bado akaulizwa jina lingine.

Oktoba 2021, mjini Delhi, alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote za sinema India. Akasimama akaiweka wakfu kwa Balachander. Halafu akamtaja kaka yake, na akamtaja Raj Bahadur, dere wa basi.

Nilimwandikia mjomba kwamba hadithi ni nzuri, ila nataka kujua yeye yuko tayari kuwa dere. Tiki ziligeuka buluu Jumanne. Leo ni Ijumaa.