Utwa wa Ubena: Historia Fupi ya Cheo

Ukishuka basi Makambako alfajiri, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kinachokupokea kwanza ni baridi, kisha salamu. Mama muuza chai, kitenge kakifunga juu ya sweta, anakuinamia kidogo: "Kamwene." Nawe unajibu, "Kamwene." Mimi kila nikiisikia salamu hiyo nasikia ndani yake neno mwene, ambalo kwa Wafipa na Wasafwa ni jina la mtawala. Wabena, wenyeji wa huku Njombe, walimwita mtawala wao mtwa, sawa na majirani zao Wahehe. Cheo hicho kina historia inayostahili kusimuliwa vizuri.

Lipo kosa moja linalorudiwa sana, kwamba Wabena tangu zamani walikuwa na mtwa mmoja. Si kweli. Watwa walikuwa wengi, kila mmoja na vilima vyake na watu wake. Chini ya mtwa walikuwapo wanzagila, wakuu wa maeneo, na hao ndio waliojulikana mlangoni kwa mtu: walisikiliza mashauri, wakapokea kodi ya mtwa, wakawaita vijana vita ilipofika. Kwa Wabena wa Mto, kule bonde la Kilombero kwenye ukoo wa Kiwanga, mkuu aliitwa mtema. Ardhi ilikuwa tele enzi hizo. Ukubwa wa mtwa ulihesabiwa kwa watu waliomzunguka, haukuhesabiwa kwa mipaka.

Karne ya 19 ilikuwa ngumu. Wahehe chini ya Munyigumba, kisha mwanawe Mkwawa, walisukuma utawala wao mpaka Ubena. Upande wa kusini walikuwapo Wangoni. Mkwawa alikufa Julai 1898, na Wajerumani waliokuwa wakipigana naye wakabaki na nchi. Miaka saba baadaye Mtwa Mbeyela wa Ubena alijiunga na vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani hao, na Septemba 1905 kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kikashambuliwa. Jibu la Wajerumani lilikuwa kuchoma vijiji na chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, na hao hawana kaburi lenye jina. Mtwa anapotajwa, nao watajwe.

Kisha wakaja Waingereza, na hapa historia ya visiwa vyao inasaidia kuielewa yetu. Scotland ya kale ilikuwa na wakuu wa maeneo walioitwa mormaer. Macbeth mwenyewe alikuwa mormaer wa Moray kabla ya kushika ufalme mwaka 1040. Baadaye wafalme wa Scotland waliwageuza wakuu wa namna hiyo kuwa ma-earl, yaani wakuu wa kikabaila, wakagawa ardhi kwa hati, na kila mtu akawekwa kwenye ngazi yake chini ya taji. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, maofisa wake nao walitafuta ngazi. Kabila lazima liwe na mkuu mmoja, mkuu awe na baraza, mahakama na hazina. Ndipo Ubena ukapata mtwa mkuu, Pangamahuti wa ukoo wa Mbeyela, na baada yake Joseph Mbeyela. Sisemi kwamba hawakuheshimiwa. Nasema kiti kilikuwa kipya, ingawa jina lilikuwa la kale. Mtwa aliyekuwa akipokea kodi kutoka kwa watu wake sasa alipokea mshahara, na kodi ya kichwa aliyoisimamia ndiyo iliyowasukuma vijana wa Njombe kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Uamuzi huo ulikuwa chini ya Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtoto wa chifu. Naamini nchi ilihitaji hatua hiyo. Lakini mashauri mengi yaliyokuwa yakiishia barazani, chini ya mti, yalianza safari ndefu ya kwenda mahakamani.

Jina halikufutika. Septemba 2021 machifu walikusanyika Mwanza wakamsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Hangaya. Na Njombe mjini ipo shule ya sekondari iitwayo Mbeyela. Wanafunzi wake, waliozaliwa zaidi ya miaka arobaini baada ya cheo kufutwa, huliandika jina hilo juu ya madaftari yao, chini ya jina lao wenyewe.